Kuandaa Kipeperushi cha Dimensia ya Parkinson Pamoja na Wagonjwa

Dimensia ya Parkinson, yaani kudhoofika kwa akili kunakoletwa na ugonjwa wa Parkinson, humpata mtu ambaye dalili za mwili, kama kutetemeka, kukakamaa na mwendo mzito, zimemkaa kwa mwaka mmoja au zaidi. Mara nyingi hutangulia kudhoofisha umakini na uwezo wa kupanga mambo, kumbukumbu ikifuata, na ndiyo maana wagonjwa wengi bado wanaweza kutueleza wanachotaka kujua, mradi waulizwe kwa namna inayowafaa.

Hatua ya kwanza. Kabla hujaandika neno lolote, waalike wagonjwa wachache na ndugu wanaowauguza, uwaeleze kusudi kwa lugha ya nyumbani kwao, iwe Kiganda, Kilugbara au Kiswahili. Ombeni ridhaa upya kila mkutanapo, kwa kuwa uelewa wao hupanda na kushuka.

Hatua ya pili. Panga kikao kwa kufuata dawa: muulize mgonjwa ni wakati gani baada ya kumeza levodopa, dawa ya Parkinson, mwili wake huwa mwepesi, ukutane naye wakati huo mahali patulivu, maana sauti yake huenda imefifia. Mwandiko wake pia huwa mdogo mno, basi andika wewe. Uliza swali moja, kisha nyamaza. Hapa ndipo wahudumu wengi tunapokosea: tunamwona kimya, tunamgeukia binti yake, na jibu lililokuwa likija polepole linapotea.

Hatua ya tatu. Mgonjwa na mwuguzaji wasikilizwe pamoja, halafu kila mmoja peke yake. Mgonjwa anayeona watoto au wanyama wasiokuwepo huficha jambo hilo akihofia kuambiwa amerogwa. Mwuguzaji naye hataki kusema mbele yake kwamba amechoka. Kipeperushi kieleze wazi kwamba maruweruwe hayo yanatokana na ugonjwa, na pengine na dawa zake, kwamba dawa zisikatishwe ghafla, na kwamba haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili, huzidisha ukakamavu, hivyo familia imkumbushe mhudumu yeyote kwamba mgonjwa ana Parkinson.

Hatua ya nne. Soma rasimu kwa sauti na umwombe mgonjwa aieleze kwa maneno yake. Akishindwa, rekebisha sentensi. Neno wanaloliona la kudhalilisha liondolewe, hata kama wataalamu wamelizoea, ingawa maelezo ya dawa lazima yahakikiwe na daktari au mfamasia. Kisha warudishie toleo jipya, uwaonyeshe palipobadilika kwa ushauri wao, ndipo uzikabidhi nakala kwa timu za afya za vijiji.