Skwoti kwa Uzito Mdogo: Namna ya Kurekebisha Mkao na Kujenga Nguvu

Mtu anayepiga skwoti, yaani zoezi la kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na mzigo au bila mzigo, kwa miezi bila kuona maendeleo mara nyingi hudhani kwamba dawa yake ni kuongeza sahani za uzito kwenye chuma kirefu kinachobebwa mabegani, ilhali kinachomkwamisha ni namna anavyoshuka na kupanda. Uzito mkubwa huficha makosa. Mwili ukielemewa hutafuta njia yoyote ya kuinuka, na njia hiyo ikirudiwa wiki baada ya wiki hugeuka kuwa mazoea ambayo ni vigumu kuyang'oa. Uzito mdogo hukuachia nafasi ya kuhisi goti linaelekea wapi, kisigino kimekaa vipi na mgongo umeanza kupinda wakati gani.

Niliwahi kufika kilo 90 nikiamini kwamba nashuka vizuri, mpaka siku nilipoisimamisha simu juu ya benchi, usawa wa nyonga, nikajirekodi kwa upande. Nilichokiona kilinisikitisha. Kila nilipokaribia chini, visigino vilinyanyuka kiasi cha unene wa kidole, na nilipoanza kupanda, makalio yalitangulia juu huku kifua kikibaki kimeinama, hivi kwamba mgongo ndio uliokuwa ukifanya kazi ya mapaja. Nilirudi kwenye kilo 40 na kukaa hapo wiki sita. Maelekezo yanayofuata yametokana na kazi ya wiki zile na ya miaka iliyofuata, na naanza na hilo la kujirekodi kwa sababu bila picha ya upande utakuwa unarekebisha kosa usilolijua.

Uzito gani ndio mdogo

Ikiwa kwa kawaida unapiga kilo 80 kwa marudio matano, shuka hadi kilo 40 au 45. Kama hujawahi kubeba chochote, anza na mwili wako mtupu, kisha shika dambeli moja (chuma kifupi cha mkononi) ya kilo 6 hadi 12 kwa mikono miwili, wima mbele ya kifua, viwiko vikielekea chini. Namna hii ya kubeba mbele nawapendekezea hata wazoefu, kwa kuwa uzito ulio mbele ya kifua hukusaidia kubaki wima bila kuambiwa: ukiinama tu, dambeli inakuvuta, nawe unajirekebisha papo hapo. Baada ya hapo ndipo uingie chini ya chuma kitupu, ambacho katika kumbi nyingi za mazoezi kina kilo 20, ingawa vipo pia vya kilo 15 vilivyo vyembamba zaidi mkononi.

Kipimo changu cha uzito unaofaa ni rahisi. Shuka kwa sekunde nne, tulia chini sekunde mbili, panda, na ufanye hivyo mara nane. Ikiwa rudio la nane linafanana na la kwanza, uzito huo unakufaa. Ikiwa la sita limeanza kuyumba, punguza tena.

Kila kitu huanzia kwenye wayo

Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega au zaidi kidogo, vidole vikigeukia nje kwa nyuzi 15 hadi 30. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa watu wote, kwa sababu viungo vya nyonga havifanani na urefu wa mfupa wa paja hutofautiana. Mwenye mapaja marefu atainama mbele zaidi kuliko mwenye mapaja mafupi hata akifanya kila kitu sawasawa, na hilo lisimtie wasiwasi. Jaribu mikao mitatu au minne bila uzito, ushuke hadi chini kabisa katika kila mmoja, na uchague ule ambao nyonga hazibani.

Sasa sikiliza nyayo zako. Uzito ugawanyike katika sehemu tatu za kila wayo: kisigino, kitako cha kidole gumba na kitako cha kidole kidogo. Ukivua viatu utahisi haraka ni sehemu gani inayonyanyuka. Kwa wengi kitako cha kidole gumba ndicho kinachoachia sakafu pale wanapoambiwa wasukume magoti nje. Wanasukuma kupita kiasi, wayo unaviringika na mguu unapoteza msingi. Viatu vyenye soli laini ya kukimbilia huongeza tatizo hili kwa kuwa hubonyea chini ya mzigo, kwa hiyo piga skwoti kwa kiatu chenye soli ngumu na bapa, au peku ikiwa sakafu ni safi na salama.

Visigino vikinyanyuka, usikimbilie kuulaumu uzembe, kwani mara nyingi ni kifundo cha mguu kisichokunjika vya kutosha. Jipime hivi: piga goti moja mbele ya ukuta, uweke mguu wa mbele vidole vikiwa sentimita 10 kutoka ukutani, kisha sogeza goti la mguu huo mbele mpaka liguse ukuta bila kisigino kuachia sakafu. Ukishindwa, au upande mmoja ukiwa mgumu kuliko mwingine, umepata sehemu ya kufanyia kazi. Rudia mwendo huo huo wa kusukuma goti kuelekea ukutani mara 15 kila mguu kabla ya mazoezi, na uinyooshe misuli ya mashavu ya miguu kwa dakika moja au mbili baada yake. Wakati unasubiri kifundo kilegee, weka sahani mbili nyembamba chini ya visigino, zenye kimo cha sentimita moja au mbili. Wapo wanaoona hilo kama udanganyifu. Mimi naliona kuwa msaada halali, maana linakuruhusu kujifunza mwendo sahihi leo badala ya kuurudia ule mbaya kwa miezi miwili.

Kushuka

Kabla ya kushuka, vuta pumzi ijae tumboni na ubavuni, kisha kaza tumbo kama mtu anayejiandaa kupokea ngumi. Pumzi hiyo iliyozuiwa ndiyo inayoufanya mgongo uwe imara. Mwenye shinikizo la juu la damu au mjamzito asiizuie. Apumue nje taratibu anapopanda, na amwone daktari kabla ya kuanza kubeba vyuma.

Chuma kikae juu ya misuli iliyo nyuma ya mabega, chini ya mfupa unaojitokeza shingoni, si juu yake. Kishike kwa nguvu na uyavute makombe ya mabega yakaribiane. Kisha kunja magoti na nyonga kwa wakati mmoja, ukae chini katikati ya miguu yako. Magoti yafuate mwelekeo wa vidole. Wengi wamefundishwa kwamba goti lisipite ncha ya vidole, na wameshika neno hilo kama sheria. Kwa kweli, kwa mtu asiye na jeraha, goti kupita vidole ni jambo la kawaida, na ukilizuia kwa lazima kiwiliwili huinama zaidi na mzigo huhamia kwenye nyonga na mgongo wa chini. La kuangalia ni goti lisiingie ndani na kisigino kisinyanyuke.

Shuka hadi mkunjo wa nyonga ufike usawa wa juu ya goti au chini yake kidogo, mradi mgongo wa chini haujaanza kujikunja. Kwenye rekodi yako utauona mkunjo huo wa mgongo kama makalio yanayojifinya kuelekea ndani mwishoni mwa mshuko. Ukiuona, ishia sentimita tatu au nne juu ya hapo kwa sasa; kina kitaongezeka kadiri kifundo na nyonga zinavyozoea. Ukikosa hisia ya kina, weka nyuma yako benchi fupi, ushuke mpaka makalio yaiguse kwa wepesi, bila kuketi wala kujibwaga.

Kile kituo cha sekunde mbili chini ndicho kiini cha mazoezi yote haya. Kinaondoa ule mdundo wa haraka ambao watu huutumia kujirusha juu, na kinakulazimisha kukaa katika mkao ambao kwa kawaida unaupita mbio. Ukiwa hapo jiulize mambo mawili tu: je, wayo mzima umegusa chini, na je, kifua kimeinuka? Kisha isukume sakafu, ukihakikisha mabega na makalio vinaondoka pamoja. Kwenye picha ya upande, chuma kinapaswa kupanda na kushuka kwa mstari ulionyooka juu ya katikati ya wayo.

Nguvu hutoka wapi, ikiwa uzito ni mdogo

Hapa ndipo watu wengi hupoteza imani, hivyo nataka kueleza kwa utulivu. Sehemu kubwa ya nguvu ambayo mtu huipata katika wiki za mwanzo hutokana na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamuru misuli kwa mpangilio, kabla misuli yenyewe haijanenepa. Mwendo safi uliorudiwa mara nyingi ndio unaoufundisha mfumo huo. Kuhusu ukuaji wa misuli, tafiti zimeonyesha kwamba hata mzigo wa karibu asilimia 30 ya uzito wa juu kabisa unaoweza kuuinua mara moja hukuza misuli kwa kiasi kinachokaribiana na mizigo mizito, ilimradi seti, yaani mfululizo wa marudio bila kupumzika, ifanywe mpaka misuli ikaribie kuchoka kabisa.

Hesabu inasaidia kuelewa. Marudio manane ya kawaida, ya sekunde tatu kila moja, humalizika kwa sekunde 24. Marudio manane ya sekunde nne kushuka, mbili kutulia na mbili kupanda huchukua sekunde 64. Kilo 40 zilizobebwa hivyo si mchezo, na kufikia seti ya tatu mapaja yatakuwa yakitetemeka. Hata hivyo nisikudanganye: ukitaka kuinua uzito mkubwa kabisa mara moja, itakubidi hatimaye uzoee mizigo mizito, kwa sababu huo nao ni ujuzi wake.

Fanya mara mbili au tatu kwa wiki, ukiacha angalau siku moja katikati. Wiki mbili za kwanza piga seti tatu za marudio manane kwa mwendo huo wa polepole, ukipumzika dakika mbili kati ya seti. Wiki ya tatu na ya nne ongeza seti moja, uzito ukibaki ule ule. Kila seti imalizike ukiwa na uwezo wa kuongeza marudio mawili hivi, na ikatizwe mara tu mkao unapobadilika, hata kama hesabu haijatimia. Baada ya skwoti, tanguliza mguu mmoja na kuurudisha mwingine nyuma, ushuke mpaka goti la nyuma likaribie sakafu, mara nane hadi kumi kila upande, dambeli ndogo mkononi. Zoezi hili litakuonyesha mguu ulio dhaifu, na huo ndio uanze nao kila mara.

Kuanzia wiki ya tano ongeza kilo 2.5 kila kikao, ukipunguza taratibu ule mshuko wa sekunde nne hadi mbili, lakini kituo cha chini kibakie kwenye seti ya kwanza kama ukaguzi. Misuli kuwaka moto na kukaza siku mbili baadaye ni kawaida. Maumivu makali ndani ya goti, nyonga au mgongo si kawaida, na yakijirudia ni ya kupelekwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Endelea kujirekodi mara moja kwa wiki, simu ikiwa mahali pale pale na kimo kile kile, uilinganishe rekodi mpya na ya kwanza. Siku utakapoona kisigino kimenyanyuka tena au makalio yametangulia, punguza kilo 5, ukae hapo vikao viwili, kisha uendelee kupanda.