Vichwa vya habari visikuchezee

Nauza magazeti Kariakoo, jirani na Mtaa wa Msimbazi. Wateja wengi ni wa kusoma kwa macho tu, mikono nyuma, halafu wanabishana habari ambayo hakuna aliyeifungua. Kama nawe ni wa hivyo, angalau soma kwa akili.

Anza na kitenzi. Tuseme kimeandikwa "Simba yaua Mbeya". Hiyo "ya" ni klabu, imeshinda mechi, hakuna maiti. Kingekuwa "Simba aua Mbeya", huyo ana manyoya na meno, wapigie ndugu zako wa huko. Kazi ipo kwenye "Simba waua": wanaweza kuwa wachezaji, wanaweza kuwa wa porini kweli. Hapo geuza gazeti uone, maana michezo hukaa ukurasa wa nyuma. Na ukikuta "Mnyama aua", usikimbie. Mnyama ni klabu ileile, mashabiki ndio walioipa jina.

"Waziri aonya" usidhani anaonya sasa hivi. Alionya jana, ni mtindo tu wa vichwa vya habari kutumia kitenzi kifupi.

Neno la kulichunga kuliko yote ni "adaiwa". "Diwani adaiwa milioni 20" ana deni. "Diwani adaiwa kuiba" ni tuhuma. Tazama kinachofuata, ni pesa au ni kitendo. Mhariri kaliweka makusudi asije akashtakiwa. Wewe ukifika kijiweni ukasema "diwani kaiba", hilo ni lako, gazeti halimo.

Vivyo hivyo, "mbaroni" maana yake polisi wamemkamata, basi. "Kizimbani" kasomewa mashtaka. Mpaka uone "hatiani" ndipo mahakama imeamua.

Kuna vingine havifumbuki bila kununua. "Mke wa mbunge aliyefukuzwa chama afariki": aliyefukuzwa ni mume au marehemu? Toa hela usome ndani.

Magazeti ya udaku yana ujanja wao. "AFUMANIWA!" kwa wino mwekundu, nani hasemwi, na pembeni picha ya msanii anacheka. Fuata mstari mwembamba unaozunguka picha: mara nyingi umeitenga, picha ina habari yake nyingine, pengine ya albamu mpya. Gazeti likiwa limekunjwa na kubanwa kwenye kamba, mstari huo huuoni, na mimi silikunjui bure.

Kichwa kikiishia na alama ya kuuliza, aliyekiandika hana uhakika. Hilo nauza, silisomi.