Jinsi ya Kuomba Mkopo wa Shahada ya Sheria Huku Ukijiandaa kwa Shule ya Sheria

Kijana wa Tanzania anayetaka kuwa wakili hugharimia masomo ya ngazi mbili: shahada ya kwanza ya sheria, ambayo huchukua miaka mitatu au minne kutegemea chuo, na baada yake mafunzo ya vitendo ya mwaka mmoja katika Shule ya Sheria Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na iliyoko Dar es Salaam. Familia nyingi hupiga hesabu ya shahada pekee, na mtoto akishahitimu ndipo hugundua kwamba bila mafunzo hayo hawezi kuapishwa kuwa wakili. Kwa hiyo omba mkopo wa shahada ukiwa tayari umeuweka mwaka huo wa ziada katika hesabu zako.

Kazi huanza na nyaraka, miezi kadhaa kabla ya kufungua kompyuta. Dirisha la maombi la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa kawaida hufunguliwa mwezi Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti, lakini cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, sharti kwanza kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, au na mamlaka husika ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Foleni ya uhakiki hurefuka sana dirisha likishafunguliwa. Linganisha majina herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa kikisema Mohamed na cha kidato cha nne kikisema Mohammed, nenda mapema kwa wakili au hakimu ukapate hati ya kiapo. Aidha, namba ya mtihani wa kidato cha nne utakayoijaza iwe ileile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani akatumia namba moja chuoni na nyingine kwenye Bodi huweza kukosa mkopo hata kama ni mhitaji wa kweli.

Nyaraka zikikamilika, jisajili katika mfumo wa maombi wa OLAMS, pata namba ya malipo na ulipe ada ya maombi. Jaza kwa ukweli taarifa za wazazi, kazi zao, shule ulizosoma na aliyekulipia ada, kwa sababu Bodi hupima uhitaji kwa taarifa hizohizo. Kama kaya yenu ni mnufaika wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, au ulisoma kwa ufadhili, ambatisha uthibitisho wake. Kisha chapisha fomu, uisaini wewe na mdhamini wako, uipeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, halafu kwa kamishna wa viapo. Hakikisha kila mhuri unasomeka na kila picha imebandikwa mahali pake kabla ya kuskani kurasa hizo na kuzipakia upya. Ombi lisilorudishiwa kurasa zenye saini halijakamilika, na kila mwaka wapo wanaoishia hapo wakidhani wamemaliza.

Majina ya waliopangiwa hutolewa kwa awamu, na kiasi chako utakiona kwenye akaunti yako ya mfumo. Usishangae ada ikigharimiwa kwa sehemu tu. Sheria haimo katika kundi la kozi zinazotangulizwa kama zilivyo za afya na ualimu wa sayansi, hivyo ukae na wazazi mapema mkubaliane nani atajaza pengo. Ukiona umepangiwa kidogo kuliko hali yenu, subiri dirisha la rufaa uwasilishe ushahidi ambao hukuuambatisha mwanzoni. Barua ya malalamiko isiyo na ushahidi haisaidii.

Ukiwa chuoni, tenga sehemu ya bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, kila linapoingia, hata ikiwa ndogo, kwa ajili ya Shule ya Sheria. Bodi hutoa mikopo kwa mafunzo hayo pia, lakini ombi lake ni jipya na lina mwongozo wake, na fedha za mwanzo, kama nauli ya kuja Dar es Salaam, chumba na suti nyeusi, hazisubiri majibu ya Bodi. Weka pia akiba ya kurudia mitihani. Mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 waliotangaziwa matokeo yao, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, jambo lililoifanya serikali iunde kamati ya uchunguzi chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, waziri wa zamani wa katiba na sheria, na anayerudia mtihani huendelea kula na kulipa pango jijini.

Marejesho nayo yaingie katika hesabu. Muda wa kuanza kulipa ni miezi 24 baada ya kuhitimu shahada, na mwaka wa Shule ya Sheria unaweza kumeza nusu yake. Ukiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyoongezwa juu ya deni, iliondolewa mwaka 2021. Tunza namba yako ya OLAMS na nakala za mikataba yote, kwa kuwa utaulizwa taarifa za mkopo wa kwanza utakapoomba wa pili.