Anzia kwenye Maswali: Kupanga Vipaumbele vya Maarifa katika Ofisi ya Mawakili na Kuonesha Faida Yake

Katika ofisi ninayofanyia kazi hapa Chumbageni, Tanga, wakili mmoja kijana aliwahi kukaa tangu asubuhi hadi alasiri akiandaa maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa, ilhali maombi yanayofanana na hayo kwa karibu kila kitu isipokuwa majina na tarehe yalikuwa kwenye kompyuta ya mwenzake wa chumba cha pili, na Mahakama Kuu ilikwisha kuyakubali mwaka uliotangulia. Hakuna aliyemficha, hakuna aliyekumbuka kwamba yapo. Mwongozo huu, wa kuhifadhi maarifa ya ofisi ili yapatikane yanapohitajika, nimewaandikia mawakili wasomi wa ofisi ndogo, zisizo na mkutubi wala fedha za programu ya bei kubwa.

Hatua ya 1: Andikeni maswali kabla ya kukusanya nyaraka

Ofisi nyingi huanza kwa kukusanya kila hati kwenye folda moja, na baada ya miezi michache folda hiyo huwa ghala ambalo hakuna anayeingia. Wekeni kaunta buku moja mapokezini kwa wiki tatu, na kila anayemwuliza mwenzake jambo la kikazi aandike tarehe, swali, aliyeulizwa na muda uliotumika hadi jibu kupatikana. Makarani waandike pia, kwa sababu wao ndio huulizwa zaidi.

Mtakutana na maswali ya namna hii: "Nani ana mfano wa notisi ya siku 90 kwa Serikali?" "Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku ngapi?" "Jalada la shamba la Muheza liko kwa nani?" Swali la kwanza linahitaji kielelezo, yaani hati ya mfano iliyo tayari kujazwa. La pili linahitaji jedwali la muda wa ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri au kuwasilisha hati, na jibu lake ni siku 30. La tatu ni tatizo la masijala, wala msilichanganye na mengine, kwani hakuna maktaba ya vielelezo itakayorudisha jalada lililosahaulika kwenye gari la wakili.

Hatua ya 2: Pimeni kwa madhara, si kwa idadi peke yake

Swali linaloulizwa kila siku linaweza kuwa dogo, na linaloulizwa mara moja kwa mwezi likambebesha mteja hasara isiyorekebishika. Maelezo ya utetezi katika shauri la madai yana siku 21. Dai la kurejeshewa ardhi lina ukomo wa miaka 12. Anayekosea hapo hapotezi saa zake tu, hupoteza haki ya mtu mwingine. Kwa hiyo kila swali lipewe alama mbili, ya marudio na ya madhara, kisha chagueni matatu tu ya kuanzia.

Mawakili wabia, yaani wanaomiliki ofisi kwa pamoja, washiriki katika uchaguzi huu. Kwetu sisi mashauri ya ardhi ndiyo mengi, kwa kuwa tunahudumia wilaya ambamo mashamba makubwa ya mkonge yanapakana na vijiji, lakini ofisi iliyo karibu na shughuli za bandari inaweza kuwa na mpangilio tofauti kabisa, na msinakili wetu.

Hatua ya 3: Pimeni hali ya mwanzo

Hatua hii ni fupi, lakini ndiyo inayorukwa na wengi. Chukueni kazi tano za aina mliyoichagua, mwandike kila moja imechukua saa ngapi na rasimu imerudishwa mara ngapi na wakili mwandamizi.

Hatua ya 4: Tengenezeni vichache, vikamilike

Kielelezo si hati ya zamani iliyobadilishwa jina la faili. Ondoeni majina, namba za viwanja na kila kinachomtambulisha mteja, kwa sababu ya wajibu wetu wa kutunza siri na kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Juu yake iwepo karatasi moja inayoeleza kitumike lini, kisitumike lini, nani anakitunza na kilikaguliwa tarehe gani.

Mfano wetu bora ni yale maombi ya kuongezewa muda. Kila wakili anajua kwamba shauri la Lyamuya, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani, linamtaka mwombaji aeleze kipindi chote cha ucheleweshaji, ila kujua hivyo hakumsaidii mtu saa kumi jioni. Kilichosaidia ni jedwali lenye safu tatu ndani ya kielelezo, yaani tarehe, kilichofanyika siku hiyo, na hati ya ushahidi inayothibitisha. Safu ikibaki tupu, wakili anaona pengo kabla mpinzani hajaliona.

Hukumu zenyewe msizirundike, maana TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, inazitoa bure. Hifadhini maoni yenu juu ya hukumu hizo. Na pangeni siku ya ukaguzi: Toleo la Urekebu la Sheria za Tanzania la 2023 lilipoanza kutumika Julai 2025, kila kielelezo kilichokuwa kikinukuu toleo la 2019 kilihitaji kupitiwa upya.

Hatua ya 5: Thibitisheni kwa lugha ya fedha na usalama

Katika ofisi kubwa za Uingereza au Marekani, zinazotoza kwa saa, muda uliookolewa unaweza kuonekana kama mapato yaliyopotea. Sisi wateja wengi hutulipa ada ya mkupuo, na hapo hesabu ni nyepesi: tuseme ada ni ileile na kazi imeshuka kutoka saa sita hadi mbili, basi saa nne zimerudi mikononi mwa ofisi.

Kila robo mwaka wapeni wabia ukurasa mmoja wenye muda wa kabla na wa sasa, idadi ya mara vielelezo vilivyotumika, na makosa ya muda yaliyonaswa kabla ya kufungua shauri. Msidai kwamba kielelezo kimeshinda kesi. Hakimu huamua kwa ushahidi na sheria, na mbia makini akiona dai moja lililotiwa chumvi atatilia shaka ukurasa mzima. Kielelezo ambacho hakijaguswa kwa robo mbili mfululizo kiandikwe humo humo, kisha mwulizeni aliyepaswa kukitumia kwa nini hakukitumia, kabla ya kukifuta.