Namna ya Kuchambua Ushirikiano dhidi ya Uharamia wa Somalia kwa Nadharia za Siasa

Anza na maandishi ya sheria kabla ya nadharia. Ibara ya 105 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 inairuhusu kila dola kuikamata meli ya maharamia katika bahari kuu, yaani nje ya maji ya dola yoyote, na kuamua adhabu katika mahakama zake. Inaruhusu, hailazimishi, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuongoza hadi mwisho. Kisha soma Azimio namba 1816 la Baraza la Usalama, la Juni 2008, lililozifungulia manowari za kigeni maji ya Somalia kwa ridhaa ya serikali ya mpito. Jiulize ridhaa hiyo ina uzito gani, ikiwa anayeitoa hawezi kuulinda ufuo wake mwenyewe.

Sasa pima nadharia. Mwanahalisia, anayeamini kwamba kila dola hufuata maslahi na nguvu zake, atakuonyesha kwamba China na India zilipeleka manowari chini ya amri zao wenyewe, zikiyalinda maslahi yao ya biashara. Mtetezi wa taasisi, anayeamini kwamba kanuni na vikao vya pamoja huziwezesha dola kushirikiana, atakujibu kwamba nchi hizohizo, pamoja na Japani, zilikuja kuoanisha ratiba zao za kusindikiza misafara ya meli kupitia mikutano ya uratibu huko Bahrain. Ushahidi ni uleule, kwa hiyo usiharakishe kumtangaza mshindi.

Mtihani mgumu zaidi uko nchi kavu, na hapa ndipo ninaposhauri uandike kurasa nyingi. Kukamata kulileta sifa, kushtaki kukaleta gharama, na ndiyo maana washukiwa wengi waliachiliwa baharini. Kenya ilikubaliana na Umoja wa Ulaya mwaka 2009 kuwapokea. Mwaka 2010 chumba cha mahakama kilichojengewa kesi hizo kikafunguliwa katika gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, na Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba haina mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa nje ya maji ya Kenya, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliutengua Oktoba 2012. Usalama wa bahari humnufaisha hata asiyeuchangia, hivyo kila dola hutamani mwingine abebe gharama. Fuatilia basi mzigo ulivyosukumwa kutoka wenye manowari hadi kwa majirani wenye magereza.

Usiyaache malalamiko ya wavuvi wa Somalia kuhusu meli za kigeni zilizovua kwao bila kibali. Hayahalalishi utekaji, lakini yanadai maelezo: kwa nini Operesheni Atalanta ya Umoja wa Ulaya ilipewa nguvu ya kuwakamata maharamia, ilhali kuhusu uvuvi ilipewa kazi ya kufuatilia tu?