Namna ya Kuongoza Mjadala Kuhusu Mwisho wa The French Connection

Filamu ya The French Connection, iliyotolewa mwaka 1971, huishia kwenye mlio wa risasi ambayo mtazamaji haioni ikitoka wala ikimpata mtu. Kwa sababu hiyo huwafaa sana watu wanaotaka jioni ya mazungumzo, na kwa sababu iyo hiyo mazungumzo yake huharibika upesi: mmoja akishatamka kwa uhakika kwamba kachero Doyle alimuua Charnier, yule Mfaransa anayemsaka, wengine huitikia, vikombe hukusanywa, na kila mtu huanza kutafuta boda ya kumrudisha kwake. Nimekwisha kuionyesha mara nne sebuleni kwangu hapa Migosi, Kisumu, mbele ya marafiki na majirani wasiozidi kumi, na mara mbili za mwanzo niliivuruga jioni mimi mwenyewe. Maelekezo haya yametokana na kuvuruga huko. Ambaye hajaitazama filamu na hataki kujua inavyokwisha ayasome baadaye, kwa kuwa siwezi kueleza namna ya kuujadili mwisho bila kuusimulia.

Anza na paa. Mwisho wa filamu hii hutegemea sikio kuliko jicho, na katika nyumba ya mabati isiyo na dari, mvua ya jioni ya mwezi wa Aprili huweza kuumeza mlio wote wa risasi na kumwacha mwenyeji akiapa kwamba ulikuwapo. Chagua miezi mikavu, au azima spika yenye nguvu. Baada ya paa, dirisha: sehemu kubwa ya filamu ilipigwa wakati wa baridi katika mitaa ya New York, na Owen Roizman aliyeshika kamera aliyaacha majengo na giza lake, kwa hiyo televisheni inayotazamana na jua la saa kumi na moja haitakuonyesha chochote katika dakika za mwisho. Filamu ina urefu wa dakika 104. Ukianza saa moja na nusu usiku utafika mwisho saa tatu na robo, na bado patakuwa na muda wa kubishana. Kuhusu chakula nina neno moja tu, nalo ni kwamba usiandae ngege, yule samaki wa ziwani, wakati filamu inaendelea. Mtu anayechambua miiba gizani hatazami kitu kingine, wala hapaswi kutazama. Njugu na chai zinatosha, samaki wasubiri.

Hakikisha pia kwamba nakala yako ni kamili. Mwaka 2023 watazamaji waligundua kwamba baadhi ya nakala zilizokuwa zikionyeshwa mtandaoni zilikatwa kipande kifupi chenye tusi la kibaguzi kutoka kinywani mwa Doyle. Wageni wako wana haki ya kuonywa mapema kwamba kachero huyu ni mbaguzi, kwamba huwavamia watu weusi ndani ya baa na kuwasukasuka kama mifuko, na kwamba filamu haimkemei. Hata hivyo, ukiwapa Doyle aliyesafishwa, hawataelewa anachokifanya mwishoni. Na kama unakusudia kuionyesha ukumbini kwa watu wa nje, hayo ni mambo ya kibali cha Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya na ya idhini ya mwenye filamu, ambayo hayamo katika mwongozo huu wa sebuleni.

Utangulizi wako usizidi dakika tano. Waambie kwamba mwongozaji ni William Friedkin, kwamba Gene Hackman ndiye Jimmy Doyle anayeitwa Popeye, Roy Scheider ndiye mwenzake Russo, na Fernando Rey ndiye Alain Charnier, tajiri wa Marseille anayeingiza heroini Marekani ndani ya gari. Filamu ilipata tuzo 5 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Kisa chake kilitokana na kitabu cha Robin Moore cha mwaka 1969 kuhusu upelelezi wa kweli wa makachero Eddie Egan na Sonny Grosso, na wote wawili wanaonekana katika filamu wakiigiza watu wengine: Egan ni mkubwa wa kazi wa Doyle. Ishia hapo. Mwenyeji anayeeleza zaidi huwa anajionyesha, nami nimekuwa mwenyeji wa namna hiyo.

Kisha wape wageni kazi ndogo. Badala ya kuwaambia watazame kwa makini, jambo ambalo halimsaidii mtu, mwombe mmoja ahesabu wanaopigwa risasi kwa utaratibu wanavyofuatana, mwingine aangalie mikono inayopungwa, na wa tatu aangalie kila mahali ambapo Doyle anafuata hisia zake tu bila ushahidi. Aliyepewa mikono atarudi na mali: ndani ya stesheni ya treni ya chini ya ardhi, Charnier anamchezea Doyle kwa kupanda na kushuka, anauzuia mlango kwa mwavuli wake, na treni inapoondoka anampungia mkono kwa adabu ya kumdhalilisha. Karibu na mwisho, kwenye daraja lililofungwa na polisi, Doyle anamrudishia salamu hiyo hiyo. Ukiwa na mtu wa kuliona hilo mwenyewe, mjadala umekwisha kupata mguu wa kusimamia.

Wakati wa mbio za gari na treni usiseme neno. Wanaouliza reli ile imewekwaje waambie wafikirie barabara ya juu ya Kondele ikiwa na treni badala ya matatu, na Doyle akiendesha gari chini yake katikati ya nguzo na watu. Inatosha. Watu wengi hutaka kuzungumzia mbio hizo peke yake, na ukiwaruhusu mtafika usiku wa manane bila kuufikia mwisho. Mimi huwarudisha kwa kuwakumbusha namna zinavyokwisha: Doyle anampiga risasi mgongoni, juu ya ngazi, Nicoli, muuaji wa Charnier aliyekuwa ndani ya treni, ambaye hana tena silaha. Aliyepewa kazi ya kuhesabu atakuwa ameandika hapo.

Sasa nifike kwenye jambo lililobadilisha jinsi ninavyoiendesha jioni hii. Mara ya pili nilipoionyesha, stima ilipotea wakati Doyle alipokuwa amekwisha kumpiga mtu kimakosa gizani na anaanza kujaza risasi upya. Tulikaa bila mwanga kwa dakika ishirini hivi. Sikuwa nimepanga lolote, lakini mazungumzo yaliyotokea katika giza lile yaliyapita yote niliyowahi kuyasimamia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu la kumnyamazisha mwenzake. Jirani mmoja aliyezoea kukaa kimya alizungumza kuliko sisi wote. Stima iliporudi tukatazama sekunde zilizobaki, maandishi yakatokea kwenye skrini, na watu wakanyamaza mara moja kama wanafunzi waliosomewa matokeo.

Tangu hapo huisimamisha filamu mwenyewe, kwa makusudi. Nilijaribu kwanza kuisimamisha pale pale ilipokatikia stima, nikaona kwamba watu hubashiri tu, na ubashiri huchosha haraka. Sasa ninasubiri Doyle aingie katika chumba cha mbali, mlio mmoja usikike, skrini iwe nyeusi, kisha nabonyeza kabla ya herufi ya kwanza kutokea. Fanya zoezi siku moja kabla, maana nafasi ni ndogo na kidole kikichelewa umeipoteza jioni.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoihimiza kuliko zote: kabla ya kuuliza mtu anafikiri nini, mwombe asimulie alichokiona na alichokisikia, vitu viwili tofauti, bila kuongeza. Utashangaa. Katika jioni zangu zote nne, angalau mgeni mmoja aliapa kwamba amemwona Charnier akianguka. Wengine humweka Russo katika chumba asichokuwamo. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, ambako staringi hakufa na adui mkubwa alibakizwa hadi mwisho ili auawe vizuri, tunabeba mwisho huo tayari kichwani na kuubandika pale tunapouhitaji. Usimcheke anayekosea, muulize kwa upole alimwona akiwa amesimama upande gani. Kwa kawaida atasita, na katika kusita huko ndipo filamu inapoanza kumfanyia kazi.

Wakikubaliana juu ya yaliyoonekana, orodha ni fupi. Doyle anaingia katika jengo bovu akimfuata Charnier. Anaona kivuli, anafyatua, na anayeanguka ni Mulderig, afisa wa serikali ya shirikisho aliyekuwa akifanya kazi pamoja nao. Russo anamwambia amempiga nani. Doyle hashtuki, hainami, hasemi lolote kuhusu maiti. Anasema tu kwamba mtu wake yumo humo na atampata, anajaza bastola, anaondoka. Mlio. Giza.

Ruhusu sasa maoni. Yatakuja matatu au manne: kwamba amempata Charnier, kwamba Charnier amempata yeye, kwamba amepiga kivuli kingine, na mara moja kijana mmoja alisema Doyle amejiua, wazo ambalo lilitufurahisha kwa ujasiri wake lakini halina hata chembe katika tabia ya mtu tuliyemtazama kwa muda wote huo. Anayetoa oni alilipie kwa tukio kutoka sehemu ya filamu iliyotangulia. Anayesema ni kivuli ana mali nyingi zaidi, kwa kuwa Doyle ametoka kupiga kivuli dakika moja iliyopita na hakujifunza kitu.

Hapo bonyeza tena na uyasome maandishi kwa Kiswahili, polepole, kwa sababu yanapita haraka. Weinstock, mwenye fedha, alishtakiwa na kesi ikatupwa kwa kukosa ushahidi unaofaa. Angie Boca, mke wa Sal Boca aliyetaka kuinunua heroini, alipatikana na kosa dogo na hakufungwa. Kifungo cha Lou Boca, ndugu yake Sal, kilipunguzwa. Devereaux, Mfaransa aliyeingia na gari lenye heroini, alikaa gerezani miaka 4. Charnier hakukamatwa, na inaaminika kwamba anaishi Ufaransa. Doyle na Russo walihamishwa kutoka kitengo cha dawa za kulevya. Wageni wataona wenyewe kwamba maandishi haya yanayaua maoni mawili ya kwanza, kwani mfu hahamishwi kitengo na mfu haaminiwi kuwa anaishi Ufaransa. Kama nisingeisimamisha filamu, mjadala wote ungekuwa kitendawili chenye jibu nyuma ya ukurasa. Unaweza kuwaongezea kwamba mwishoni mwa mwaka 1972 ilibainika kuwa heroini iliyokamatwa katika kesi ya kweli ilikuwa imeibwa kutoka ghala la vielelezo la polisi wa New York. Nilipolisema hilo mara ya mwisho, kicheko kilichotoka kilikuwa cha watu wasiohitaji kuelezwa.

Baada ya hapo rudi kwa Mulderig, kwa sababu wote watakuwa wamemsahau, na kumsahau huko ndiko ninakotaka wageni wakuone. Mwite aliyehesabu risasi asome karatasi yake. Wa kwanza kuuawa katika filamu ni kachero wa Kifaransa, Marseille, anayerudi nyumbani na mkate wake. Wa mwisho tunayemwona akifa ni Mulderig. Filamu inaanza na mlinzi wa sheria aliyeuawa na mhalifu, inaisha na mlinzi wa sheria aliyeuawa na polisi, na katikati kuna watu wengi ambao hakuna aliyewalilia. Hakuna maandishi yanayosema kilichompata Doyle kwa kumuua mwenzake. Uliza basi: kifo hiki kingechunguzwa na nani? Huku kwetu mazungumzo yatahamia kwenye IPOA, mamlaka ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kila mtu atakuwa na kisa cha mtaani kwake. Waache kwa robo saa, kisha uwarudishe kwa swali dogo zaidi, ambalo ni wapi katika filamu Mulderig alimkosea Doyle. Alimkumbusha mbele ya watu kwamba hisia zake ziliwahi kusababisha kifo cha polisi mwema. Kama kuna mgeni aliyepewa kazi ya kufuatilia hisia, huu ndio wakati wake.

Kuna jambo ambalo mimi hulitoa hapo, si kwa kuwa linathibitisha kitu, bali kwa kuwa watu hulipenda: aliyeigiza Mulderig, Bill Hickman, alikuwa dereva wa michezo ya hatari, na ni yeye aliyeendesha gari katika sehemu za zile mbio.

Jihadhari na aliyeitazama filamu ya pili, French Connection II ya mwaka 1975, iliyoongozwa na John Frankenheimer. Atataka kueleza kilichotokea baadaye huko Marseille kana kwamba kinajibu swali la jengo lile. Hakijibu, ni kazi ya mwongozaji mwingine, iliyofanywa miaka minne baadaye. Mwombe kabla hamjaanza anyamaze hadi mwisho, na umweke karibu na birika la chai apate la kufanya.

Watu wakianza kurudia maneno yao, acha kuuliza. Irudishe filamu hadi pale Doyle anapoingia ndani ya jengo, ongeza sauti, na mwitazame tena dakika hizo pamoja bila kusimamisha. Mara ya mwisho, mwalimu mmoja aliyekuwa ameapa kwamba alimwona Charnier akianguka alisogeza kiti hadi karibu na spika, akausikiliza ule mlio, kisha akaniomba rimoti aurudie mwenyewe.