Hadithi ya Kisayansi: Kifaa Kimoja, Mwili Mmoja

Chagua kifaa kimoja tu. Hadithi ya maneno 1,500 haibebi roboti, gari linaloruka na dawa ya kutokufa kwa pamoja. Tena anza na kitu kilichopo. Mfano, kipandikizi cha kusikia: maikrofoni na betri hukaa nyuma ya sikio, koili, yaani kisahani kinachopitisha mawimbi hadi ndani, hushikwa kichwani kwa sumaku, na elektrodi (vituo vidogo vya umeme) zilizo ndani huamsha neva ya usikivu.

Sasa ongeza uwezo mmoja wa kubuni: programu ya kuchuja sauti za kero. Mpe Bi Zuhura, muuza viungo pale sokoni Marikiti, Mombasa. Kabla ya kuandika, jibu: nani analipia, nani anaweza kukizima, na kikifa ghafla inakuwaje? Swali la pili ndilo lenye hadithi. Tuseme mwanawe ndiye mlipaji, na nywila anayo yeye.

"Nimekupunguzia kelele, mamangu."

Kwanza zinatoweka honi za matatu, mama anashukuru. Halafu inatoweka sauti ya Mwanaisha, jirani anayekuja kukopa.

Wengi huharibia hapa kwa kuleta profesa aje kufafanua. Maelezo ya ufundi yasizidi sentensi mbili. Na usiandike "teknolojia ilimpokonya utu wake." Andika: "Midomo ya Mwanaisha ilicheza, Bi Zuhura akasikia vikombe vya muuza kahawa tu." Msomaji si mtoto, ataelewa.

Kilele kitoke kwenye udhaifu wa kifaa chenyewe. Koili ikibanduka, sauti hukatika papo hapo. Basi mpeleke kivukoni Likoni saa ya msongamano, mtandio uvutwe, koili idondoke kiganjani mwake. Kwa mara ya kwanza swichi iko kwake: airudishe au akae kiziwi? Usimfanyie haraka, aya hii ndiyo ya kuandika upya mara nyingi kuliko zote.

Mwana naye asiwe shetani. Katika Frankenstein ya Mary Shelley, iliyotoka mwaka 1818, kinachouma zaidi ni muumba kukikimbia alichokiumba. Huyu wetu kosa lake ni kinyume: haachii.

Ukimaliza, kiondoe kifaa kichwani mwako uisome rasimu upya. Kama ugomvi wa mama na mwana unasimama vilevile bila hicho kipandikizi, umeandika hadithi ya kifamilia yenye pambo la betri. Rudi kwenye ile nywila.